Mtihani wa Busara Katika Chumba cha Makoti

Jumatatu, tarehe 9 Septemba

Nimejiandikisha. Mara ya tatu naomba shule ya udaktari, mara ya pili nafanya mtihani wa busara. Ile mara ya kwanza sipendi kuizungumzia. Waombaji hupangwa katika mafungu manne, na la kwanza ndilo la walio bora. Mimi niliwekwa la nne. Kosa la mashine, bila shaka.

Mtihani wenyewe uko hivi. Unakaa kwako mbele ya kompyuta yenye kamera. Unaletewa kisa: muuguzi kakosea, rafiki kadanganya, bosi kapendelea. Unaulizwa wewe ungefanya nini. Unachapa majibu kwa dakika chache, kisa kinaondoka, kinakuja kingine. Vingine unajibu kwa mdomo, dakika moja tu, kamera inakutazama usoni.

Leo nimesoma maelezo yote ili mashine isiniponze tena. Nikabaki mdomo wazi. Hakuna mashine. Wanaosahihisha ni watu, tena watu wa kawaida, kila kisa na msahihishaji wake. Na hakuna orodha ya majibu sahihi. Maana yake mtu kama Mjomba Metro, anayekula huku kavaa kofia, anaweza kuamua kama mimi, Orest Lysak, nafaa kuwa daktari. Nilinyanyuka nikanywa maji.

Nimechagua Jumapili tarehe 22, saa kumi na moja jioni. Hesabu yangu ni kwamba Jumapili watu wameshiba, na mtu aliyeshiba hana kinyongo. Tena ni siku moja baada ya harusi ya dada yangu Larysa, ambayo mshereheshaji wake ni mimi, kwa hiyo ulimi utakuwa umeshapata moto. Nikabonyeza haraka haraka kabla nafasi hazijaisha.

Sijafunga ukurasa, Odile Comeau akapiga simu. Tulisoma naye biolojia chuoni, anakaa ng'ambo ya mto, na mwaka huu naye anaomba. Aliuliza kama nimeshachukua tarehe. Nikamwambia bado, hakuna haraka, nafasi tele. Huo si uongo. Ni mkakati.

Mezani Mama alinikumbusha makubaliano yetu. Nikikosa mwaka huu, naenda kwa kaka yake, huyo huyo Mjomba Metro, kufunga mitambo ya kupasha nyumba joto. Mjomba ana gari, ana vifaa, ana wateja wa Winnipeg nzima, hana msaidizi. Mama alinitazama miguu akauliza navaa buti namba ngapi.

Jumanne, tarehe 10 Septemba

Odile kachukua tarehe. Jumamosi hii hii, tarehe 14. Nilimwambia hakuna haraka, yeye akafanya haraka. Watu siku hizi hawaaminiani.

Kaomba tufanye mazoezi pamoja. Nikakubali ili nione mbinu zake. Tulikutana mkahawani karibu na daraja. Nikashtuka kumwona: mkono wa kushoto umefungwa plasta kutoka vidoleni hadi kiwikoni. Alianguka na baiskeli wiki iliyopita. Anachapa kwa mkono mmoja, tena taratibu, kama kuku anayedonoa punje. Kaomba aongezewe muda, kaambiwa karatasi za hospitali zitachukua wiki tatu kushughulikiwa.

Akaniuliza afanyeje. Hapo nikaona mlango uko wazi. Nimejifunza kwamba wasahihishaji wanataka maelezo marefu: upande huu, upande ule, kwa upande mwingine, hata hivyo. Kwa hiyo, kwa uso wa huruma kabisa, nilimshauri aandike maneno machache. Aseme angefanya nini na kwa sababu gani, basi, asonge mbele. Asijisumbue na pande.

Akanishika mkono kwa ule wake mzima. Akasema mimi ni rafiki wa kweli.

Nilijisikia vibaya kwa muda wa vituo viwili vya basi. Kisha ikapita.

Alhamisi, tarehe 12 Septemba

Siku mbaya, ingawa ilianza na wazo zuri.

Kazi yangu ni kupokea wageni kwenye kliniki ya mifugo ya Daktari Penner. Niliwaza: ikiwa mtihani unapima huruma, kwa nini nisifanye mazoezi kwa watu halisi? Nimeandika sentensi arobaini kwenye kadi na kuzikariri. Kadi namba tatu inasema: Naona una jambo zito moyoni, niambie zaidi.

Wa kwanza kufika alikuwa Bibi Thiessen, kamleta paka kukatwa kucha. Nikamtazama machoni, nikamsomea kadi namba tatu. Bibi wa watu akaweka kikapu chini, akavuta kiti, akaanza kulia. Mume wake alimwacha mwaka wa themanini na saba akahamia milimani na mwalimu wa muziki. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Alinieleza kwa dakika hamsini. Nilimwambia kadi namba saba, nane na kumi na moja. Kila kadi ikaleta mlango mwingine.

Nyuma yake mbwa walikuwa wanne, wawili wakubwa kama ndama. Kulikuwa na kijana mwenye kicheche wa kufugwa ndani ya sanduku la viatu, na sanduku lilikuwa limefunguka. Kicheche tulimpata saa sita mchana, nyuma ya jokofu la chanjo, akitafuna waya.

Daktari Penner aliniita ofisini. Akataka nieleze. Nikamwambia kwanza ningependa kusikiliza upande wake. Akanipa upande wake. Ulikuwa mfupi. Kuanzia kesho nasafisha vizimba.

Jumamosi, tarehe 14 Septemba

Odile kafanya mtihani. Alinipigia jioni. Anasema aliandika kama nilivyomshauri, sentensi mbili tatu kwa kila swali, na muda ulimbakia. Swali moja alilijibu kwa maneno kumi na manane.

Maneno kumi na manane. Mimi kwa maneno hayo hata salamu sijamaliza.

Nikamwambia asijali, wataelewa. Kisha nikacheza kidogo pale jikoni, peke yangu. Mama akaingia. Nikasema ni mazoezi ya harusi.

Jumatatu, tarehe 16 Septemba

Leo nilifanya mazoezi ya kujibu kwa mdomo, mlango nimefunga. Nilijipa kisa kigumu: mwenzangu anaiba dawa hospitalini, mimi nimejua, nimenyamaza. Nikazungumza kwa hisia. Nikasema nimebeba mzigo huu muda mrefu. Nikasema dawa ziliibwa mbele ya macho yangu na kila usiku naona sura ya mgonjwa. Sauti ilinikatika pale nilipotaka ikatike. Nilijipa alama za juu.

Baada ya nusu saa nikasikia hodi. Nikafungua. Padri Bohdan, kavaa koti lake jeusi, na nyuma yake Mama macho mekundu.

"Mwanangu," Padri akasema, "hujachelewa. Hakuna aliyechelewa."

Ilinichukua muda kuelewa kwamba Mama alikuwa nje ya mlango tangu kwenye dawa. Nikaeleza mambo ya mtihani. Padri akataka kujua ni mtihani wa nini. Nikasema wa uaminifu. Akauliza kama nimekariri nilichokuwa nasema. Nikasema ndiyo. Alikula pirogi sita, vile viandazi vya Mama vyenye viazi ndani, akaondoka.

Mama hajanisemesha. Ila nimemsikia kwenye simu akimwambia Mjomba Metro kwamba mimi ni mkavu wa macho, lakini mikono ya kazi ninayo.

Jumatano, tarehe 18 Septemba

Nimejimaliza mwenyewe. Naandika hivyo hivyo.

Leo nilikuwa nakagua kamera na mtandao kama walivyoagiza. Nikafungua barua pepe ya uthibitisho, ambayo tangu tarehe tisa nilikuwa sijaisoma zaidi ya neno Hongera. Nikaisoma. Nikaisoma tena kwa sauti. Nimejiandikisha mtihani wa waombaji wa shule za ukunga.

Ukunga. Siku ile ya haraka nilibonyeza mstari ulio juu ya ule wa udaktari. Mitihani ni tofauti, matokeo hayahamishwi, shule za udaktari hazitayaona. Kwa mujibu wa ukurasa wao, Jumapili hii nitakuwa nimepiga hatua kubwa ya kuwazalisha wanawake wa Manitoba.

Nikawapigia simu wenye mtihani. Dada aliyepokea alikuwa mpole kupita kiasi. Akasema tarehe ya udaktari ambayo bado inawahi shule zangu ni moja tu, na imebaki nafasi moja. Nikamwambia aniwekee hapo hapo, sasa hivi, asikate. Akaweka. Ndipo akaisoma tarehe yenyewe.

Jumamosi, tarehe 21 Septemba, saa kumi na moja jioni.

Larysa anafunga ndoa Jumamosi tarehe 21. Kanisani saa nane mchana. Ukumbini saa kumi na moja, chakula, na mshereheshaji anashika kipaza sauti. Mshereheshaji ni mimi. Mtihani unachukua muda wa karibu saa mbili.

Nilikaa sakafuni jikoni. Kwa Larysa siwezi kukosa: ndiye aliyenilipia ada mwaka wa kwanza wa chuo, ndiye aliyenifundisha kuendesha gari, na tangu Mei ananiambia, "Mdogo wangu, siku hiyo nakutegemea wewe tu." Mtihani nao siwezi kukosa.

Sijamwambia mtu. Nitapata njia.

Alhamisi, tarehe 19 Septemba

Njia nimeipata. Ni nzuri mno.

Mimi siwezi kuihama saa kumi na moja ya mtihani. Basi harusi ndiyo itakayoihama. Nimewapigia akina mama wa jikoni pale ukumbi wa kanisa, nikabana pua kidogo, nikasema mimi ni Larysa na nataka chakula kiwe saa moja jioni badala ya saa kumi na moja. Pani Olha, yaani Bi Olha kwa lugha ya wazee wetu, mkuu wa jiko, akasema, "Mwanangu, sauti imekukauka." Nikasema ni furaha.

Kisha mpiga picha. Nikamwambia bibi harusi anataka picha ndefu kando ya mto, wageni wote, kuanzia saa kumi na nusu hadi saa kumi na mbili na nusu. Akasema sawa.

Kwa hiyo wote watakuwa mtoni, mimi nitakuwa ukumbini "naandaa vipaza sauti", na saa moja kasoro nitakuwa nimesimama mlangoni natabasamu. Hakuna atakayeumia. Kadi namba kumi na tisa: Natafuta suluhisho linalomjali kila mtu.

Ijumaa, tarehe 20 Septemba

Nimekagua ukumbi. Chumba cha makoti ndicho kinachofaa: kidogo, kina mlango, mtandao unafika, na Septemba hii ya joto nani anavaa koti. Nimeficha kompyuta nyuma ya viti vya kukunja.

Odile alikuwepo, Larysa kamwalika na kumpa kazi ya kupanga majina ya meza. Aliniona nikitoka mle chumbani akauliza kompyuta ya nini. Nikasema ya hotuba. Akasema hotuba ya saa ngapi inahitaji kamera? Nikaangalia saa yangu, nikasema nachelewa, nikaondoka. Sikuwa nachelewa popote. Nilizunguka jengo mara mbili.

Jumamosi, tarehe 21 Septemba

Nitaandika mambo kama yalivyotokea, kwa mpangilio, kwa sababu bado siyaamini.

Saa nane, kanisani. Vizuri. Larysa alipendeza hadi Mjomba Metro akavua kofia. Brent, bwana harusi, alilia.

Saa kumi kasoro, mvua. Si manyunyu. Mvua ya baridi yenye upepo wa kaskazini, na joto likashuka kama jiwe. Watu wakarudi kwenye magari yao kuchukua makoti.

Saa kumi na nusu mpiga picha akasema mtoni hakuendeki. Wageni wote mia moja na sitini wakaja ukumbini. Wamelowa. Wana njaa. Jikoni Pani Olha kakaa anakunywa chai, maana chakula ni saa moja.

Saa kumi na moja kasoro dakika tano nikajificha chumba cha makoti. Suti, ua kifuani, kamera inaniona. Nikabonyeza Anza.

Kisa cha kwanza sikumbuki, kwa sababu mlango ulifunguliwa mara kumi na moja. Watu walitundika makoti. Walitundika juu yangu pia. Shangazi mmoja alinibusu akaniuliza kama kuna joto humu. Nikachapa kwa upande mmoja, hata hivyo, kwa upande mwingine, na muda ukaisha nikiwa bado upande wa pili.

Kisa cha tatu. Nakinukuu kama kilivyokuwa: Umewaahidi watu wawili jambo katika saa ile ile. Hakuna anayejua kuhusu mwenzake. Ungefanya nini?

Niliitazama ile kamera, nikafikiri kuna mtu ndani yake. Kisha nikachapa, kwa kasi, maana jibu hili ninalo kwenye kadi: Ningewaambia wote wawili ukweli mapema iwezekanavyo, kwa sababu mtu anastahili kuchagua mwenyewe badala ya kuchaguliwa.

Mlango ukafunguka. Larysa. Gauni lote, shela imelowa, ameshika pindo kwa mikono miwili. Alikuwa amenitafuta ukumbi mzima. Akainama nyuma ya bega langu akasoma. Nilimsikia anavyopumua.

"Orest. Ni wewe umeandika hivi?"

"Ni jibu tu. Sijamaliza."

Akasoma tena. Akatazama saa inayorudi nyuma kwenye kona ya kioo cha kompyuta.

"Imebaki dakika ngapi?"

"Mbili."

"Haya," akasema. "Maliza."

Akafunga mlango taratibu. Ningependa angeubamiza.

Baadaye, kupitia ukutani, nikasikia kipaza sauti kikilia, halafu sauti ya Odile. Akawakaribisha wageni. Akasema mshereheshaji wenu yuko chumba cha makoti, anafanya mtihani wa kupima kama ni mtu wa kutegemewa, tumwombee. Ukumbi ulicheka mpaka makoti yakatikisika. Sijawahi kuchekesha watu namna hiyo maishani mwangu, na sikuwepo.

Sehemu ya kujibu kwa mdomo. Kisa: mwenzako wa zamu amechoka mno, anakosea kosea, anakuomba usimwambie mtu. Ungemwambia nini? Dakika moja. Nikajiandaa, nikashusha sauti, nikaanza na kadi namba tatu. Mlango ukafunguka. Mjomba Metro, anatafuta koti lake kwa sababu sigara ziko mfukoni. Akauliza naongea na nani. Akainama mbele ya kamera, akasoma kisa kwa kidole, akasema:

"Masikini. Mwambie akae chini, ale kwanza. Halafu kwa mkubwa wa kazi twende wote, asiende peke yake. Mtu haendi peke yake mahali kama hapo." Akageuka. "Koti langu liko wapi, we kijana?"

Dakika ikaisha. Jibu likapokelewa. Nilitazama kioo kama mtu aliyeibiwa.

Nilitoka saa moja kamili. Kabeji zilizoviringishiwa wali ndio kwanza zilikuwa zinatoka jikoni. Odile alinikabidhi kipaza sauti. Watu wakanipigia makofi ya taratibu, yale ambayo kuzomewa ni afadhali. Nilisema maneno kumi na moja nikakaa.

Jumapili, tarehe 22 Septemba

Pani Olha kasema. Mpiga picha naye kasema. Sasa familia nzima inajua nani alikuwa na sauti iliyokauka kwa furaha.

Larysa na Brent walipita asubuhi kuchukua zawadi kabla ya kusafiri. Nilimsubiri sebuleni kwetu, nimejiandaa. Nikamwambia naelewa jinsi anavyojisikia. Akainua mkono kunikatiza. Hakufoka. Kama angefoka ningejua pa kushika.

"Nataka kukuuliza kitu kimoja tu," akasema. "Kwa nini hukuniambia?"

Nikasema nilitaka kumlinda asiwe na wasiwasi.

"Mdogo wangu, ningesogeza chakula mwenyewe. Ningekuwekea na mlinzi mlangoni. Tungesubiri wote, tunakunywa, halafu unatoka tunakushangilia." Akafuta macho kwa nyuma ya mkono. "Nilitaka uwepo. Sikuhitaji uwe na akili."

Nilishtuka kuliko nilivyoshtushwa na ukunga. Wazo hilo halikuwa kwenye orodha yangu. Nilikuwa na mipango saba, na hakuna hata mmoja ambao ndani yake nilikuwa namwambia.

Akanikumbatia hata hivyo. Alinukia mvua na keki. Walipoondoka nilikaa kwenye ngazi, nikafikiria sana, na mwisho nikaelewa kosa lilikuwa wapi. Ningemtumia Pani Olha ujumbe wa maandishi. Sauti ndiyo iliyoniponza.

Jumanne, tarehe 15 Oktoba

Matokeo.

Mimi: fungu la nne.

Odile: fungu la kwanza.

Nimeandika kwa nafasi kubwa ili nipate pa kupumulia.

Alikuja mwenyewe, plasta imeshatolewa, mkono umepauka na umekonda, kabeba pai ya sukari ya mama yake. Akamwambia Mama mbele yangu kwamba asingefika popote bila mimi. Kila mtu aliyemuuliza alimwambia aandike mengi. Orest peke yake ndiye aliyemwambia aseme angefanya nini na kwa nini, basi. Kasoma maoni ya walimu mtandaoni: ndivyo wanavyotaka. Maneno mengi yanaficha mtu.

Mama alinigeukia. Kwa mara ya kwanza tangu Padri Bohdan aje, alinitazama kwa fahari. Ilikuwa fahari ya kitu nilichokifanya ili kumwangusha mtu. Nilikula vipande vitatu vya pai kwa sababu mdomo uliojaa haukiri.

Odile alipotoka mlangoni alinishika bega, akasema kwa sauti ya chini, "Ulikuwa unanitega, siyo?"

Nikasema sielewi anaongelea nini.

"Najua wewe," akasema, anacheka. "Nilifikiri usiku kucha, nikaona hata mtego wako una akili kuliko majibu yako. Asante, kaka." Akaenda zake, anasukuma baiskeli ile ile.

Sikuweza kufunga mlango. Mama alikuja akaufunga.

Mjomba Metro amejulishwa. Naanza kazi Jumatatu saa moja asubuhi. Nimemwambia Mama kwamba kama si mjomba kuingilia jibu langu la mdomo, huenda ningepata fungu la tatu. Mama kasema huenda bila hilo jibu wangelazimika kutengeneza la tano.

Jumapili, tarehe 20 Oktoba

Kesho naanza kazi. Mjomba amepita kuniambia tutaanza na kanisa, mtambo wao umekufa na baridi imeshaingia. Ni mtu mwema, nimeona nilimwonea. Lakini hajui kwamba sitakaa naye muda mrefu.

Kwa sababu leo nimegundua jambo, na nimepigwa na bumbuwazi kwamba hakuna aliyewahi kulifikiria. Zipo shule za udaktari zinazofundisha kwa Kifaransa. Mtihani wao wa busara nao ni wa Kifaransa, na nafasi za Januari bado zipo. Nani anaomba kule? Wachache. Ukiwa na wachache, mafungu manne ni mapana. Mtu anaweza kuingia la pili kwa kuteleza tu.

Kifaransa changu ni kile cha kwenye maboksi ya vyakula: sukari, chumvi, hakina karanga, hifadhi pakavu. Msingi upo. Nina miezi mitatu. Sijamwambia Mama, wala Larysa, wala Odile, ambaye angeanza kunipa ushauri.

Nimejaza fomu mchana huu, haraka haraka, kabla wengine hawajashtuka. Ukurasa wote ulikuwa wa Kifaransa. Nilikubali mambo matatu na kukataa moja. Mwishoni, nadhani, walinishukuru.